Uso wa Kufaa

Nilimjua kwenye shuka kabla sijamjua kwa mwili. Nilikuwa msichana wa darasa la tano, shule ya misheni huko Majita, siku gari la sinema lilipotufikia kwa mara ya kwanza. Walitundika shuka jeupe kwenye milingoti ya goli, wakawasha jenereta, na giza lilipoanza kuingia tukaketi chini, wasichana mbele, wavulana nyuma, wazazi pembeni. Kwanza tulionyeshwa askari wakipiga gwaride. Halafu treni. Halafu yeye.

Alikuwa mkulima wa pamba, kifua wazi, mdomo umeachama, ameegemea jembe lake kama mtu aliyekufa akiwa amesimama. Jirani yake, mwenye kaptura safi, alikuwa anapanda kwa kamba, mistari imenyooka. Yeye akapiga miayo. Akajikuna. Akalala kwenye tuta, mbuzi wakaja wakala miche yake. Picha haikuwa na sauti, msemaji wa gari ndiye aliyetutafsiria kwa kipaza sauti: "Jirani anamwambia, panda sasa. Yeye anajibu, kesho." Kila aliloambiwa alijibu kesho. Mwishoni Mzungu wa kilimo akaja akamnyooshea kidole, naye akarudi nyuma kwa woga, akajikwaa kwenye jembe lake mwenyewe, akaanguka kwenye shimo la samadi miguu juu. Tulicheka mpaka mwenzangu mmoja akajikojolea. Sista naye alicheka.

Picha ile ilizunguka Kanda ya Ziwa miaka mingi. Ilionyeshwa Musoma mjini, ikaonyeshwa Guta, ikavushwa mpaka kisiwa cha Rukuba kwa mtumbwi, mashine imefunikwa turubai. Watoto waliiga mwendo wake wakienda kuchota maji. Mama yangu akiona tumezembea kazi alituita "akina Kesho". Hakuna aliyejiuliza kama mtu yule ana jina lingine.

Miaka ya mwanzo ya Uhuru nikapangiwa kufundisha Bunda. Wiki ya pili tu mkuu wa shule akaniambia nitoke nje nimpokee bwana shamba, ameleta mbegu za shamba la shule. Nikatoka. Mtu alikuwa ameinama anafungua gunia nyuma ya baiskeli, kaki yake imepigwa pasi, soksi zimevutwa mpaka magotini. Akainua uso anisalimie, nami nikacheka. Sikukusudia. Kicheko kilinitoka kama chafya, na nilipojaribu kukizuia kikazidi. Alisubiri nimalize. Alisubiri kwa adabu, mikono nyuma, kama mtu aliyejibanza barazani kwa watu akingoja mvua ipite. Kisha akasema, "Karibu Bunda, mwalimu. Mbegu hizi zipandwe kabla ya Jumatano."

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Wenyewe wapo na wanajua. Nitasema niliyoyaona, maana nilipewa nyumba Nyasura, na kati ya ua wangu na wake palikuwa na mstari wa minyaa tu. Alikuwa anaishi na binti yake mdogo, Nyangeta, ambaye mama yake alifariki kwa kumzaa. Hakuoa tena.

Kwa pamba hakuwa na mwenzake wilaya nzima. Aliweza kushika donge moja la pamba akakwambia lilichumwa asubuhi na umande au mchana, na kama mwenye shamba aliruka palizi ya pili. Wakulima waliomfuata walipeleka pamba safi ushirika; waliombishia walirudi na fifi, pamba chafu ya bei ya chini. Walijua hivyo. Na bado kila alipoingia kwenye mkutano, kabla hajafungua mdomo, mtu mmoja nyuma angesema kwa sauti ya chini neno lile moja, na mabenchi yote yangetikisika.

Niliishi naye ujirani mwaka wa kwanza ndipo nikagundua kwamba haegemei kitu. Tukiongea penye minyaa alisimama mbali kidogo, miguu sawa. Nyumbani kwake alikaa mbele ya kiti, mgongo haugusi. Hakulala mchana hata Jumapili. Akitaka kupiga miayo aligeuka, akaweka kitambaa mdomoni kama mtu anayekohoa. Siku moja nilimwambia, kwa utani wa jirani, kwamba hata punda wa kisimani anapumzika. Akaniambia, "Mtu mwingine akipigaga miayo, amechoka. Mimi nikipiga miayo, ni sinema."

Na neno lile alilifukuza kabisa kinywani. Alisema Alhamisi, alisema siku ya soko, alisema jua likitoka tena. Nyangeta alikua bila kulisikia nyumbani. Alipofika darasani kwangu aliandika katika insha yake, "Siku inayofuata leo tutakwenda kwa shangazi." Nilimsahihisha kwa kalamu nyekundu, nikamwandikia neno lenyewe pembeni. Baba yake alitia sahihi daftari lile akalirudisha.

Jambo la Guta wengi wanalikumbuka. Alikuwa na homa, inamtetemesha, na jua limesimama. Wakulima walimwambia ajilaze kwenye kivuli cha ghala. Akakataa. Akaendelea kuwaonyesha jinsi ya kung'oa na kuchoma mabua ya msimu uliopita, amesimama wima, jasho linamtiririka, mpaka miguu ikamwisha akaanguka. Na alipoanguka walicheka. Aliyenisimulia alikuwa mmoja wao, mtu mwema, na alisema walikuwa wamekwisha kumbeba wanakimbia naye barabarani huku bado wanacheka, wanalia na kucheka, hawawezi kujizuia. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Walikuwa wameona anguko lile mara nyingi mno.

Lakini ningekuwa mwongo nikisema kwamba yeye mwenyewe hakulitumia. Kwenye mkutano mrefu, watu wakianza kusinzia, alitoka mbele ya meza, akatembea hatua tatu kwa mwendo wa yule mjinga, mabega yameshuka, mdomo wazi. Watu waliangua kicheko, na katika kimya kilichofuata aliwaambia habari za mabua na funza wa vitumba, wakamsikiliza. Aliniambia kwamba wakishacheka masikio yanafunguka. Siku hizo akirudi nyumbani nilimsikia uani akinawa uso, akimwaga maji na kuchota mengine, muda mrefu kuliko uso mmoja unavyohitaji.

Jinsi picha ilivyotengenezwa alinisimulia mwenyewe, vipande vipande, miaka mitatu hivi baada ya mimi kuhamia. Alikuwa amemaliza darasa la nane, karani wa kupima mvua kwenye shamba la majaribio ya pamba. Wakaja Wazungu wawili na kamera ya miguu mitatu. Wafanyakazi wakapangwa mstari kama ng'ombe wa mnada. Palitakiwa mwerevu na mjinga. Mwerevu akachaguliwa mchunga ng'ombe mmoja mrefu, mwenye pua nyembamba na rangi ya maji ya kunde, ambaye hakujua kamba ya kupandia inashikwa wapi. Kisha mwenye kamera akafika kwake, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akamwambia mwenzake kwa Kiingereza kwamba huyu ana uso wa kufaa.

"Hakujua kwamba nasikia," alisema. "Nikamuuliza, kufaa nini? Akafurahi sana. Akanipa karatasi ya maelezo niishike, niwatafsirie wenzangu. Imeandikwa, mjinga aachame mdomo. Nikawasomea wenzangu, halafu nikajitafsiria mwenyewe. Nikaachama."

Anguko la shimoni lilirudiwa mara nne, maana mara tatu za kwanza alinyoosha mikono kujizuia, nao wakamwambia mjinga hajizuii. Alidhani ni kazi ya siku mbili. Alidhani picha itakwenda Ulaya na kukaa huko.

Wazungu wa Musoma walipoanza kufungasha, mmoja aliacha masanduku ya vitabu, naye akayafuata kwa baiskeli, safari mbili. Nyingi zilikuwa hadithi za Afrika zilizoandikwa na watu waliopita Afrika. Alizisoma zote kwa penseli. Mtu mweusi akitokea alitia msalaba pembeni. Akifungua mdomo alitia duara. Aliniazima kimoja chenye unene wa tofali. Misalaba ilikuwa kila ukurasa, mingi kama kunguru: wapagazi, wapishi, wapiga ngoma, mtu wa kuliwa na simba. Miduara niliihesabu ilikuwa kumi na mmoja. Tisa ilikuwa "ndiyo bwana". Mmoja ulikuwa mayowe. Wa mwisho mpagazi alikuwa anakufa na anashukuru.

Niliporudisha kitabu aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona dharau. Akasema dharau yaonekana kwa yeyote, hata mtoto ataiona. Akafungua ukurasa mmoja akanionyesha mahali kambi inafungwa, Mzungu anaingia hemani anafikiri juu ya mchumba wake. "Sasa huyu mpagazi," akasema, "jua limezama, mzigo ameutua. Anakwenda wapi? Mwandishi hakumjengea nyumba. Anamwacha amesimama pale pale mpaka asubuhi, amtwishe tena." Nilifundisha kusoma miaka thelathini, na sijasikia somo la vitabu lililolishinda hilo.

Hata hivyo hakuwa malaika. Mtu huyu aliyeweza kunusa dharau ndani ya nukta alikuwa na vichekesho vya watu wa visiwani visivyokwisha. Mtu wa Rukuba alipewa jembe akakaa chini akaanza kupiga kasia. Mtu wa Rukuba alipanda dagaa akangoja waote. Nilimwambia mara moja kwamba shangazi yangu ameolewa Rukuba. Akacheka, akasema basi shangazi atakuwa anavijua vilivyo vizuri zaidi.

Baada ya Uhuru alikwenda Musoma mara tatu kuomba picha ile iondolewe. Mara mbili hakumkuta mhusika. Ya tatu alipokewa vizuri, na kijana wetu, msomi, mwenye tai. Kijana alimweleza kwa upole kwamba hakuna filamu nyingine ya pamba, na taifa linahitaji pamba. Tena imerekebishwa: mwanzoni imewekwa bendera mpya, na yule Mzungu wa mwisho amekatwa. "Kwa hiyo sasa sio Mzungu anayekucheka, bwana shamba," kijana alimwambia. "Ni sisi wenyewe."

Bwana shamba aliporudia maneno hayo alikuwa ameshika waya wa kuanikia nguo kwa mkono mmoja. Nikamuuliza yaliishia wapi. Akasema yaliishia kijana kumwomba awaonyeshe makarani ule mwendo kidogo, kwa kuwa hawakuamini kwamba ni yeye.

"Ukaufanya?"

"Ni mkubwa wangu wa kazi, mwalimu."

Sasa hapa ndipo nilipokuwa nachanganyikiwa naye. Mtu aliyesafiri mara tatu kuomba picha izuiwe hakukosa hata onyesho moja. Gari likisikika liko Guta, anapanda baiskeli. Likisikika liko kandoni mwa ziwa, anakwenda, analala huko. Husimama nyuma kabisa, karibu na jenereta, peke yake, na picha ikiisha anaondoka. Watu walisema anajipenda, anakwenda kujitazama. Mimi sikusema, lakini niliwaza hivyo. Mwenyewe tangu nianze kazi Bunda sikwenda tena kuitazama. Nilidhani kwa kutokwenda namheshimu.

Nilielewa masika moja ambayo mvua ilikataa kukatika. Gari la sinema lilizama tope karibu na mto, na dereva akatafuta nyumba kavu ya kuhifadhi makopo ya mikanda. Akaelekezwa kwa bwana shamba. Kwa siku sita makopo yale yalikaa chini ya meza yake, na lililobandikwa karatasi ya pamba lilikuwa juu. Siku ya tatu nilimpelekea Nyangeta daftari, nikaliona. Nikamwambia yale ambayo jirani yeyote angemwambia.

"Lichome," nikasema. "Nitakuwa shahidi kwamba mvua iliingia."

Akatazama mlangoni kama Nyangeta yuko karibu. Hakuwapo. Akafungua kopo, akatoa mkanda, akasogea nao dirishani, akaanza kuupitisha vidoleni polepole, akiushika kando kando bila kugusa katikati, kama mtu aliyefanya hivyo kwa macho mara elfu. Alipofika alipopataka akaniita. Palikuwa na vijipicha vidogo, kimoja chini ya kingine, na katika kila kimoja mwanamke mdogo kama punje ya mchele, ana kikapu kichwani.

"Mama yake Nyangeta," akasema.

Alikuwa msichana wa kuwachotea maji vibarua wa shamba la majaribio. Wazungu walimpa kazi ya kuwa mke wa mjinga: anamletea chakula shambani, anamkuta amelala, anatikisa kichwa, anaondoka. Walipomaliza siku ile bwana shamba alimfuata kumwomba radhi kwa jinsi alivyoonekana. Naye akamjibu kwamba yeye alimwona akisoma karatasi. Katika watu wote waliokuwa pale, huyo ndiye pekee aliyemtazama hivyo. Wakaoana. Walisema watakwenda Musoma wapige picha ya studio baada ya mavuno. Alifariki kabla ya mavuno.

"Hakuna picha yake nyingine popote," alisema. "Hata kipande. Nikiichoma hii, nimemchoma yeye. Nikiiacha, nitakuwa nalala kwenye tuta mpaka nife. Anakaa pale muda wa kusali Baba Yetu mara moja. Anatua kikapu, anatikisa kichwa, anaondoka. Halafu mimi naanguka, watu wanacheka. Siwasikiagi."

Nikamuuliza kama Nyangeta amewahi kupelekwa. Akasema hapana. Akimwona mama yake, atamwona na baba yake kwenye tuta.

Akakunja mkanda, akafunga kopo kwa kiganja, akalirudisha chini ya meza. Jua lilipotoka gari likanasuliwa. Tukasikia limepangiwa mkoa mwingine, na kweli halikuonekana tena Bunda. Nilikuwa nimekusudia safari hii niende nikamtazame yule mwanamke. Sikupata.

Azimio lilipotangazwa kila idara ilitakiwa kuwa na mchezo wa kuelimisha wananchi, na wa kilimo ukaandikwa na bwana shamba. Aliuandika kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Mkulima katika mchezo wake alisema maneno mengi, alikuwa na nyumba, alikuwa na mke anayebishana naye vizuri. Na kwa kuwa kila mchezo ulihitaji mnyonyaji, akaweka Mhindi mwenye duka. Mpishi wa shule aliyeigiza alifungwa mto tumboni, akafundishwa kusema "veve" na "vatu". Ilibaki kofia. Pale Bunda palikuwa na mwenye duka mmoja Mhindi aliyezaliwa pale pale, anayesema Kijita kuliko mimi, ambaye baba yake alizikwa nyuma ya duka. Akaombwa aazime kofia yake nyeusi kwa ajili ya sherehe. Akaitoa, akaipiga mswaki kwanza.

Siku ya Saba Saba mwenye duka aliwekwa safu ya mbele pamoja na wageni. Mpishi akaingia na tumbo lake na kofia ile, akaanza kupunja mizani na kusugua viganja. Uwanja mzima ulipasuka. Mimi nilikuwa nimeketi ubavuni mwa bwana shamba, na nikahisi ameacha kucheka ghafla, kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki furu. Alikuwa anamtazama mwenye duka. Yule alikuwa anacheka. Alicheka kwa adabu, mikono juu ya magoti, akigeuka kulia na kushoto ili waliokaa karibu naye waone kwamba anacheka.

"Kicheko kile nakijua," bwana shamba akaninong'oneza.

Jioni ile ile alikwenda dukani kuomba radhi. Mwenye duka alimkaribisha chai, akamwambia hakuna ubaya, mchezo ulikuwa mzuri, watu wamefurahi. Kila alivyojaribu kuomba radhi yule alimrudishia maneno hayo hayo: watu wamefurahi. Bwana shamba aliniambia ni kama kugonga mlango wa nyumba ambayo wewe mwenyewe umo ndani.

Akauondoa mchezo. Ulikuwa umepangiwa kwenda Musoma kushindanishwa, akaandika barua kwamba ameupata na kasoro. Katibu mmoja wa wilaya akamwita, akamuuliza tangu lini anawatetea wanyonyaji. Bwana shamba akajibu kwamba unyonyaji haoni shida kuusema, ila ameupa pua na kofia ya mtu. Jibu hilo halikusaidia. Likaandikwa kwenye faili lake, na kabla mwaka haujaisha akahamishwa, akapelekwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa upande wa Butiama, chini ya kijana aliyekuwa mwanafunzi wake. Mwenye duka naye akafunga, akahamia Mwanza, na baadaye mbali zaidi. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyeelewa. Huku Nyasura walisema tu, "Kesho ameharibu tena."

Miaka ikapita. Nyangeta akaolewa karibu na baba yake, akawa anakuja kumpikia. Nilipokea salamu zao kupitia walimu. Halafu tukaitwa Musoma kwenye semina, na mchana wa siku ya pili wakafunga mapazia ya ukumbi, wakatuonyesha filamu mpya iliyotoka Dar es Salaam, juu ya jinsi mkoloni alivyomdharau Mwafrika katika vitabu na sinema. Ilikuwa kazi ya watu makini. Zilionyeshwa picha za vitabu vya watoto, midomo imechorwa kama maandazi. Yakasomwa maneno ya kutia hasira. Kisha, bila mimi kutegemea, akatokea yeye.

Hawakuonyesha shamba wala jirani. Walionyesha anguko tu. Alirudi nyuma, akajikwaa, akaanguka, na sauti nzito ikasema: tazama. Wakalirudia. Wakalirudia tena polepole, miguu ikipanda juu taratibu hewani. Mara mbili za kwanza ukumbi ulikuwa kimya, watu wamekunja nyuso. Mara ya tatu mtu akaguna kwa kicheko huko nyuma. Mwingine akashindwa. Kisha ukumbi mzima wa walimu ukacheka, huku sauti nzito inaendelea kusema juu ya utu.

Baada ya semina nilimwendea kijana aliyekuja na filamu. Nikamuuliza sehemu nyingine za mkanda ule wa pamba ziko wapi. Alikuwa kijana mwenye heshima. Akanieleza kwamba waliukuta ghalani, umeingia unyevu, umeshikamana. Wakakata kipande kilichokuwa kizima na chenye maana. Vingine vikatupwa.

"Ilikuwa ni pamba tu, mama," akasema.

Akaniambia pia kwamba walimpata mwigizaji mwenyewe, mzee mmoja huko Butiama, akawasaidia sana kuwaeleza ilikopigwa. Alikataa kupigwa picha mpya. Aliomba kitu fulani kutoka kwenye mkanda, lakini kijana hakukumbuka ni nini.

Kesho yake sikurudi Bunda. Nilipanda basi la Butiama, nikashuka, nikatembea mpaka kijijini kwake, nikiuliza njia. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kusema.

Alikuwa amezeeka kuliko nilivyodhani. Alinipa kiti, akaniuliza habari za Nyasura, za minyaa, za mkuu wa shule aliyefariki. Nyangeta alikuwa jikoni, mtoto mgongoni. Akatoka kunisalimu akarudi kugeuza ugali. Hapo mzee akapunguza sauti.

"Nimesikia mmeonyeshwa."

"Tumeonyeshwa, mzee."

"Yeye alikuwamo?"

Nikasema hapana. Akangoja. Nikamwambia mengine yote, unyevu, mkasi, na jinsi vipande vilivyotupwa, maana nilimwona anayataka yote. Alikaa akiitazama mikono yake. Sikumwona akilia. Akasema kwamba wale vijana walimwahidi, na anaamini walipoahidi walikuwa na nia.

Kisha akageuka akanitazama usoni, kwa haraka kidogo, kama mtu aliyekuta duka limefungwa akakumbuka kwamba lina mlango mwingine.

"Wewe uliiona, mwalimu. Majita, kwenye shuka kubwa, ungali na macho ya mtoto. Siku hizi mimi nikifumba macho naona kikapu. Uso unanikimbia. Alikuwaje?"

Nilifumba macho. Nilitafuta kwa uaminifu wote nilio nao. Niliona jembe. Niliona mbuzi na miche, niliona mdomo, shimo, miguu hewani. Mwanamke sikumwona. Alikuwa amepita mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nafuta machozi ya kicheko nikingoja mjinga aamke.

"Sikumwona," nikamwambia. "Tulikuwa tunakutazama wewe."

Akatikisa kichwa. Alisema ndivyo wote wanavyomjibu, amewauliza wengi.

Harufu ya ugali wa mtama ilikuwa inatufikia. Halafu akasimama. Goti moja lilikuwa linamsumbua, akalishika, akanyooka, akatembea mpaka kwenye uwazi wa ua, huko watu wanakoingilia, akageuka. Akainua mkono wa kulia juu ya kichwa, vidole vimekunjwa kwenye ukingo wa kitu. Na mwili wake ukabadilika mbele yangu. Mabega yakawa membamba. Shingo ikarefuka. Akaja akivuka ua kwa hatua fupi za haraka, za msichana anayebeba cha moto asimwage, macho yakitazama chini ya mzigo, yakitafuta mtu shambani. Akamwona. Akasimama. Akatua kikapu kwa mikono miwili, akachutama kidogo, akatazama, akatikisa kichwa, na katika mtikiso ule hapakuwa na dharau hata chembe. Kisha akajitwisha tena akaendelea, kuelekea jikoni.

Nyangeta alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Sijui alikuwa ametazama tangu wapi. Hakumuuliza baba yake anafanya nini. Alisogea ukutani, akavuta na kanga yake karibu, akampisha, kama anavyopishwa mwanamke mwenye mzigo kichwani.